Ukimpokonya wa Kwanza, Umlipe wa Pili

Oktoba 2025, Kitengo cha Uadilifu katika Riadha (AIU) kilimfungia Mkenya Ruth Chepngetich miaka mitatu. Sampuli ya mkojo aliyoitoa tarehe 14 Machi mwaka huo ilikutwa na haidroklorothayazidi, dawa ya kukojoza ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu, na ambayo wanamichezo wamekatazwa kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine mwilini. Maabara hutakiwa kuripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita moja. Yake ilikuwa na 3,800. Alieleza kwamba aliugua, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Wapelelezi hawakuyaamini maelezo hayo, lakini kwa kuwa alikiri kosa mapema, miaka minne ikapunguzwa hadi mitatu.

Hukumu ilipotoka, gumzo halikuwa juu ya hiyo miaka mitatu. Lilikuwa juu ya kitu ambacho hakikuguswa: saa 2:09:56 alizokimbia Chicago tarehe 13 Oktoba 2024, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi ile imebaki vitabuni kwa jina lake. Watu wakauliza: mwizi kakamatwa, mbona kaachiwa mzigo?

Swali ni la haki, ila limechanganya mambo mawili ambayo sheria za michezo huyatenganisha. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Katika malipo hayo mna sehemu mbili. Kuna thamani ya mbuzi, ambayo lazima irudi kwa mwenyewe, na kuna kile kilichozidi, ambacho ndicho fundisho kwa mlaji. Kufungiwa miaka mitatu, minne au kumi ni fundisho. Kuvuliwa taji, medali, pointi na fedha ni mbuzi anayerudishwa. Fundisho linamwangalia aliyekosa. Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye anayesahaulika kila tunapoandika kichwa cha habari kwamba fulani "amepokonywa".

Tuanze na mipaka ya kupokonya, kwa maana ndiyo iliyoibakisha rekodi ya Chicago. Kanuni ya Dunia ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inasema mambo mawili makubwa kuhusu matokeo. Kwanza, sampuli iliyochukuliwa kwenye shindano ikiwa chafu, matokeo ya shindano hilo hufutwa papo hapo, hata kama mwanariadha hakukusudia. Pili, matokeo yote yaliyofuata tangu siku ya sampuli, au tangu siku ambayo kosa limethibitishwa kutendeka, hufutwa pia, isipokuwa haki idai vinginevyo. Kwa hiyo suala zima huwa ni tarehe. Anayetaka kupokonya cha jana lazima athibitishe kosa la jana. Kosa la leo halimruhusu kurudi nyuma apendavyo.

Katika kesi ya Chepngetich, AIU ilieleza kwamba simu yake ilikuwa na mambo ya kutia shaka yaliyorudi nyuma hadi mwaka 2022. Shaka hiyo haikutosha kuwa ushahidi. Tarehe iliyothibitishwa ilikuwa 14 Machi 2025, na Chicago ilikuwa miezi mitano kabla yake.

Hili si geni. Jemima Sumgong alishinda marathoni ya Olimpiki kule Rio Agosti 2016, Mkenya wa kwanza mwanamke kuipata dhahabu hiyo. Mapema mwaka 2017 akakutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Akafungiwa miaka minne, kisha ikawa minane alipobainika kuwasilisha nyaraka za uongo za hospitali. Wa pili siku ile ya Rio, Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyeikimbilia Bahrain, naye alikuja kufungiwa kwa EPO. Dhahabu ya Sumgong na fedha ya Kirwa zipo mpaka leo, kwa kuwa sampuli zao chafu zilichukuliwa baada ya Rio. Mtu anaweza kukunja uso, na mimi hukunja wangu. Lakini chombo kinachopokonya kwa kukisia kitakuwa kinatenda kosa lilelile kinalolilaani, yaani kuchukua kisicho chake.

Kesi ya Rita Jeptoo inaonyesha tarehe ikifanya kazi upande wa pili. Jeptoo alishinda marathoni ya Boston mara tatu, 2006, 2013 na 2014, na Chicago mara mbili, 2013 na 2014. Septemba 2014 alipimwa nje ya mashindano akakutwa na EPO. Shirikisho la Riadha Kenya lilimfungia miaka miwili, na hukumu hiyo haikugusa Boston. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), na Oktoba 2016 mahakama ikapandisha kifungo hadi miaka minne. Pamoja na hilo ikafuta matokeo yake yote kuanzia tarehe 17 Aprili 2014. Boston ilikimbiwa tarehe 21 Aprili. Siku nne tu ziliamua nani ni bingwa wa Boston wa mwaka ule, na saa 2:18:57, zilizokuwa rekodi ya njia ile, zikafutwa. Ushindi wake wa 2006 na 2013 haukuguswa.

Kwamba kupokonya si fundisho, ushahidi mzuri ni Usain Bolt. Mwaka 2016 sampuli ya mwenzake kikosini, Nesta Carter, ya Olimpiki ya Beijing 2008 ilipimwa upya, ikakutwa na dawa iliyokatazwa. Januari 2017 kikosi kizima cha Jamaika cha mita 100 mara nne kikavuliwa dhahabu, na dhahabu tisa za Bolt zikawa nane. Bolt hakushtakiwa kwa lolote. Kama kupokonywa kungekuwa adhabu, hukumu hiyo ingekuwa dhuluma ya wazi, mmoja kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Lakini kijiti kilipita katika mikono minne, na muda uliosomeka ubaoni ulikuwa wa wote wanne. Wakimbiaji wa Trinidad na Tobago walioshika nafasi ya pili walishindwa na miguu minane, na miwili kati yake haikuwa halali. Kilichorekebishwa ni matokeo, ndiyo maana heshima ya Bolt haikupungua.

Hata hivyo, hapa pia kanuni ina mpaka. Wenzake Marion Jones wa Marekani katika mbio za kupokezana za Sydney 2000 walivuliwa medali zao mwaka 2008, baada ya Jones kukiri kutumia dawa. Julai 2010 CAS iliwarudishia, kwa sababu kanuni zilizokuwapo mwaka 2000 hazikuruhusu kikosi kifutwe kwa kosa la mmoja. Huwezi kumnyang'anya mtu kwa sheria uliyoitunga baadaye.

Sasa tuje kwenye kiti kilichoachwa wazi. Mazoea yanatwambia kwamba wa pili hupanda akawa wa kwanza, wa tatu akawa wa pili, na maisha yakaendelea. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini mita 100 za wanawake za Sydney hazina bingwa hadi leo. Dhahabu ya Marion Jones haikupewa mtu, kwa kuwa aliyekuwa wa pili, Mgiriki Katerina Thanou, alikuwa amekumbwa na kashfa ya kukwepa vipimo usiku wa kuamkia Olimpiki ya Athens 2004. Lance Armstrong alipovuliwa mataji yake saba ya Tour de France mwaka 2012, miaka ya 1999 hadi 2005 iliachwa tupu. Baiskeli za enzi hiyo zilikuwa zimejaa watuhumiwa kiasi kwamba kumtafuta bingwa safi kungefungua kesi nyingine kumi.

Riadha yetu nayo ina minyororo ya namna hiyo. Mwaka 2008 Asbel Kiprop, kijana wa miaka 19, alikuwa wa pili katika mita 1,500 kule Beijing, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka uliofuata Ramzi akavuliwa dhahabu kwa dawa za kundi la EPO, na Kiprop akawa bingwa wa Olimpiki wa mezani. Novemba 2017 Kiprop mwenyewe alikutwa na EPO na kufungiwa miaka minne. Dhahabu ya Beijing anayo, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha lolote juu yake mwaka 2008. Ukitaka mfano mchungu zaidi, tazama mita 10,000 za mashindano ya dunia ya Doha 2019. Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa wa kwanza, Yomif Kejelcha wa Ethiopia wa pili, na Rhonex Kipruto wa Kenya akapata shaba. Mwaka 2024 Kipruto alifungiwa miaka sita kutokana na pasipoti yake ya kibaolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu vya miaka mingi ambayo ilionyesha mabadiliko yasiyo ya kawaida. Shaba ikamtoka, na rekodi yake ya dunia ya kilomita 10 barabarani, dakika 26:24, ikafutwa. Wa nne alikuwa Mkenya mwingine, Rodgers Kwemoi, na mwaka huohuo naye alifungiwa kwa pasipoti ya namna hiyohiyo. Shaba ikaruka juu ya vichwa viwili vya Wakenya ikamwangukia Andamlak Belihu wa Ethiopia, aliyemaliza wa tano.

Medali, kwa vyovyote, husafiri. Ni kipande cha chuma, na kikirudishwa kinaweza kutumwa kwa mwingine. Kisiporudishwa kinatengenezwa kingine. Tatizo halisi ni fedha.

Turudi Boston 2014. Nyuma ya Jeptoo alikuwapo Buzunesh Deba, Mwethiopia anayeishi New York, aliyekimbia saa 2:19:59. Bingwa wa Boston wakati ule alipata dola 150,000, wa pili dola 75,000, na aliyevunja rekodi ya njia aliongezewa dola 25,000. CAS ilipotoa hukumu, Deba akawa bingwa na mwenye rekodi, hivyo alidai dola 100,000. Jina lake liliandikwa upya kwenye orodha. Fedha hazikuja, kwa kuwa zilikuwa zimeshalipwa kwa Jeptoo na hazikuwa zimerudi. Miaka ikapita. Mwaka 2024, muongo mzima baada ya mbio, mfadhili mmoja aliyesoma habari zake gazetini alitoa dola 75,000 mfukoni mwake. Mwishoni mwa mwaka huo waandaaji wa Boston walitangaza kwamba watawalipa kwa fedha zao wenyewe wanariadha waliopunjwa na walaghai tangu mwaka 1986.

Linganisha na Mkenya Edna Kiplagat. Mshindi wa msururu wa marathoni kubwa za dunia wa 2013-14 alitengewa dola 500,000. Jeptoo ndiye aliyekuwa akiongoza, na hafla ya kumkabidhi ilikuwa imepangwa New York mwanzoni mwa Novemba 2014. Habari za kipimo chake zikavuja siku chache kabla, na hafla ikaahirishwa. Fedha zikabaki kwa waandaaji. Kesi ilipokwisha, taji la msururu likawa la Edna, na hapakuwa na haja ya kumkimbiza mtu arudishe chochote. Mkosaji alikuwa yuleyule, msimu uleule. Tofauti ya bahati ya Edna na ya Deba ilikuwa moja tu: fedha zilikuwa mkononi mwa nani hukumu ilipotoka.

Kanuni yenyewe inakubali udhaifu huu bila kuutamka. Kifungu cha 10.11 kinataka taasisi itakayozirudisha fedha za zawadi ichukue hatua zinazofaa kuzigawa kwa wanariadha waliostahili. Uzito wote umeegemea neno "itakayozirudisha". Isipozirudisha, wa pili hana wa kumdai. Marathoni ya London iliwahi kujaribu kwa nguvu: Liliya Shobukhova wa Urusi, mshindi wa 2010, alipofutiwa matokeo, waandaaji walikwenda mahakamani Uingereza na kupata amri kwamba arudishe zaidi ya pauni 377,000. Amri ya London ikabidi itafutiwe nguvu Urusi, na hiyo ni safari nyingine ya mawakili. Wa pili siku ile, Inga Abitova, naye alikuwa amefutwa, kwa hiyo taji lilikwenda kwa Aselefech Mergia wa Ethiopia aliyemaliza wa tatu.

Kwa nini fedha hazirudi? Jibu la haraka ni kwamba mkosaji ni mkaidi. Wako wakaidi, lakini piga hesabu. Mkenya akishinda dola 150,000 Marekani, serikali ya huko hukata asilimia 30 ya kodi kwa mwanamichezo asiye mkaazi, yaani dola 45,000. Wakala wake kwa kawaida huchukua asilimia 15, dola 22,500. Zinazobaki ni dola 82,500, na hapo bado kocha na wenzake wa kambi wanaomsindikiza mazoezini. Zikifika Iten au Kapsabet hugeuka haraka kuwa shamba, nyumba za kupangisha na karo za wadogo zake. Miaka miwili baadaye anadaiwa dola 150,000 kamili, ilhali huku amefungiwa kazi. Sheria inamdai yeye peke yake. Wakala aliyekula asilimia 15 ya ushindi haramu hatajwi popote katika hukumu, na hajawa mnyonge wa kuonewa huruma. Anatafuta tu mwanariadha mwingine.

Tumkumbuke pia yule anayesubiri, kwani kuna vitu ambavyo hakuna kifungu kinachoweza kuvirudisha. Pamela Jelimo alimaliza wa nne katika mita 800 za Olimpiki ya London 2012 na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mariya Savinova wa Urusi alipovuliwa dhahabu mwaka 2017, Jelimo akapanda hadi shaba. Mrusi mwingine wa mbio zile, Ekaterina Poistogova, alipofutwa mwaka 2024, akapanda hadi fedha. Kufikia hapo alikuwa ameshastaafu siku nyingi. Mikataba ya viatu huandikwa kwa medali, mialiko ya mashindano hulipwa kwa medali, na soko halilipi malimbikizo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imejitahidi upande wa heshima: Agosti 2024 mjini Paris, Lashinda Demus wa Marekani alivishwa mbele ya umati dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi ya mwaka 2012. Miaka kumi na miwili ni mingi, ila angalau alishangiliwa na watu.

Nini kifanyike? Waandaaji wa mbio wana dawa rahisi, na baadhi yao wanaitumia: fedha za zawadi zisitoke kabla majibu ya vipimo vya siku ile hayajatoka. Msururu wa marathoni kubwa, baada ya sakata la Jeptoo, uliamua kuilipa zawadi yake kuu kwa awamu za miaka mitano, ili mlaghai akinaswa mwaka wa tatu mabaki yawe bado salama. Utaratibu huo ungefaa kila zawadi kubwa. Siku za mwizi ni arobaini, lakini kanuni imempa mpelelezi miaka kumi ya kufungua mashtaka na sampuli huhifadhiwa muda huohuo. Hakuna mwandaaji atakayeshikilia fedha miaka kumi. Kwa hiyo zinazobaki lazima zitoke kwenye mfuko wa akiba, kama Boston ilivyokubali hatimaye: mwandaaji amlipe aliyestahili kwanza, kisha yeye mwenye mawakili amfuate mdaiwa. Wakala naye mkataba wake umlazimishe kurejesha kamisheni ya matokeo yaliyofutwa. Atakayejua kwamba asilimia 15 yake iko hatarini atauliza maswali mapema kuhusu daktari mpya aliyeonekana kambini.

Kwa Kenya nina neno zaidi. Tangu mwaka 2016, tulipotangazwa kutotimiza masharti ya Kanuni ya Dunia na Bunge lilipopitisha haraka Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, tumeishi kama washtakiwa. Mwishoni mwa 2022, tuliponusurika kufungiwa kama nchi, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Ahadi hiyo ni ya kupima, kupeleleza na kuelimisha, na ni sawa iwe hivyo. Lakini Mkenya yuko pia upande wa pili wa daftari. Boston 2021, Diana Kipyokei alimshinda Edna Kiplagat kwa sekunde 24. Desemba 2022 Kipyokei akafutwa na kufungiwa miaka sita, na Edna akawa bingwa miezi kumi na minne baada ya mbio. Jelimo ni mdai. Wako wengine wengi waliomaliza wa sita au wa nane nyuma ya walaghai wa nchi hii na wa nchi nyingine, ambao dola elfu tano walizopunjwa zingewalipia msimu mzima wa kambi.

Hao hawana wakala mkubwa wala wakili wa kesi za CAS. Shirikisho la Riadha Kenya linapaswa kuwa na orodha yao: mbio ipi, nafasi gani ya zamani, nafasi gani mpya, kiasi gani kinadaiwa, nani anadaiwa, na barua ya mwisho iliandikwa lini. Kazi hiyo inahitaji karani mmoja makini na wakili mmoja wa mikataba, na matokeo yake yachapishwe kila mwaka karibu na orodha ya waliofungiwa. Leo mwanariadha kijana kule Kapsabet anaijua vizuri orodha ya waliofungiwa, na anachojifunza humo ni kwamba walaghai wengine hunaswa. Orodha ya waliolipwa ingemfundisha kwamba kukimbia safi na kumaliza wa tano kuna thamani, hata kama thamani hiyo itachelewa kufika.